Minerve kwa siku moja: anzia mtoni, kijiji kisubiri

Kusini mwa Ufaransa, katika nchi ya mizabibu iliyo nyuma ya mji wa Narbonne, kuna kijiji kinachoitwa Minerve. Kimekaa juu ya mwamba mwembamba, na mito miwili imechimba korongo kila upande: Cesse magharibi, Brian mashariki. Mito hiyo hukutana kwenye ncha ya kusini, kwa hiyo kijiji kimebaki kama rasi, ila mahali pa bahari pana magenge. Upande wa kaskazini peke yake ndio ulioshikana na nchi kavu.

Mwaka 1210 jeshi lilikizingira kijiji hiki kwa muda wa wiki saba hivi. Kuta hazikubomolewa wala hakuna aliyeruka magenge. Kilichowashinda watu wa ndani ni kiu, nao wamezungukwa na mito miwili.

Wageni wengi huvuka daraja, hupanda mtaa mmoja, hula aiskrimu, hupiga picha na kuondoka baada ya saa moja. Nami mara ya kwanza nilifanya hivyo hivyo, nikarudi Narbonne nikidhani nimeiona Minerve. Nilipokwenda tena nikaanzia chini, kwenye kokoto za mto, nikainua macho kuangalia kuta, ndipo nikaelewa kisa chake. Ndiyo maana mwongozo huu unakupeleka mtoni kwanza.

Hatua ya 1: Chagua siku, kisha itazame mbingu

Miezi mizuri ni Aprili hadi Juni, na Septemba mwanzoni. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30 kwa urahisi, na mwamba mweupe hulirudisha jua usoni kama bati. Lakini kiangazi kina faida yake: mto Cesse hukauka kabisa hapo Minerve, maji yakapotelea chini ya ardhi, nawe ukatembea ndani ya mto bila kulowa. Majira ya kuchipua, mvua zikiwa zimenyesha, maji yanaweza kukuzuia usipite sehemu ninazokuelekeza hapa chini. Kati ya Novemba na Machi milango mingi imefungwa na upepo wa kaskazini-magharibi hukata masikio. Kama unapenda ukimya, huo ndio wakati wake, lakini beba chakula chako.

Sasa jambo ambalo sitaki ulipuuze. Eneo hili lote hupigwa na dhoruba kali za ghafla, hasa kuanzia mwisho wa Septemba hadi Novemba. Mto uliokuwa mkavu asubuhi unaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha milimani, hata kama kichwani kwako jua linawaka. Wenzetu wa Kenya wanalijua hili kwa machungu: Septemba 2019 maji yalishuka ghafla katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, yakaua watu waliokuwa matembezini. Jioni kabla ya safari fungua tovuti ya Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, tazama ramani ya tahadhari. Kijani au njano, nenda kwa uangalifu. Rangi ya machungwa au nyekundu kwa mvua na mafuriko, badili siku. Usiende "kujaribu tu."

Wakati wa kiangazi kuna pia hatari ya moto wa vichaka. Siku za upepo mkali na ukame njia za porini hufungwa kwa amri ya serikali. Ukikuta kibao cha kufunga njia, rudi.

Hatua ya 2: Kufika

Treni haifiki Minerve, na usafiri wa umma usiutegemee kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kinachofaa ni gari. Shuka treni Narbonne, Béziers au Carcassonne, ukodi gari hapo. Kutoka Narbonne ni kama kilomita 35, chini kidogo ya saa moja. Kutoka Carcassonne au Béziers ni kama kilomita 45, mpe saa nzima. Anayeishi Toulouse au Montpellier anaweza kutoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku bila kulala njiani. Anayetoka Paris asijidanganye: treni peke yake hadi Narbonne ni saa nne na zaidi, kwa hiyo alale Narbonne au Carcassonne usiku mmoja.

Ukiwa umejifunzia gari Dar, Mombasa au Kampala, kumbuka Ufaransa wanaendesha kulia. Barabara iliyonyooka haisumbui sana, shida ni kwenye kipilefti. Kule unazunguka kinyume cha mishale ya saa, na gari lililo tayari ndani ya mzunguko, linalokujia kutoka kushoto, ndilo lenye haki. Kabla hujaondoka kwenye ofisi ya kukodisha, zunguka maegesho yao mara mbili tatu hadi mkono uzoee. Wenzetu wa Bukavu, Kigali na Bujumbura hawana shida hii. Leseni ya nyumbani ukiwa mgeni beba pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, maana wakodishaji wengi hukiulizia.

Elekea kwanza mji mdogo wa Olonzac. Hapo jaza mafuta, nunua maji na mkate, kisha fuata barabara ya D10 kupitia Azillanet. Mizabibu inakusindikiza, halafu ghafla nchi inageuka kuwa mawe na vichaka vya harufu, zaatari na rozimari, na barabara inaanza kujipinda. Endesha taratibu. Waendesha baiskeli ni wengi na kona hazionyeshi kinachokuja.

Neno moja kuhusu saa. Tikiti ikiandikwa 07:12, hiyo ni saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Unalijua, bila shaka. Lakini ukipanga safari na jamaa kwa simu, mmoja akitumia saa ya Kiswahili na mwingine saa ya tikiti, mtaachana kituoni. Kubalianeni mapema. Humu natumia saa zetu.

Hatua ya 3: Vya kubeba

Maji lita mbili kwa kila mtu wakati wa joto, na ninasema hivyo kwa msisitizo. Kofia. Viatu vyenye soli inayoshika, si ndala wala viatu vya wazi, kwa sababu kokoto za mtoni ni za mviringo na ngazi za kijiji zimelainishwa na miguu ya karne nyingi. Tochi ndogo, ile ya simu ikiwa na chaji inatosha. Sarafu chache za euro na kadi kwa ajili ya maegesho. Ramani iliyopakuliwa kwenye simu kabla, maana mtandao hufifia ukishuka korongoni. Nambari ya dharura ni 112.

Hatua ya 4: Egesha nje, kisha simama darajani

Magari ya wageni hayaingii kijijini. Vibao vitakupeleka kwenye maegesho ya kulipia huko juu, nawe utashuka kwa miguu. Jitahidi ufike saa tatu au saa tatu na nusu asubuhi. Ifikapo saa tano mwezi wa Agosti, watu ni wengi mno.

Kabla ya kushuka mtoni, nenda katikati ya daraja la mawe lenye matao, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kaa hapo dakika kumi bila haraka. Tazama nyumba zilivyokaa ukingoni kabisa mwa genge, jiwe la nyumba na jiwe la mlima rangi moja, hata huoni mjenzi alianzia wapi. Ni mawe chokaa. Mtu wa pwani ataijua rangi hiyo: nasi tulijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107, kwa hiyo Minerve ilipokuwa inazingirwa, msikiti ule ulikuwa umeshapita miaka mia moja. Mimi hilo hunisaidia kuuona wakati wenyewe, maana "zama za kati" bila kipimo cha nyumbani ni maneno tu.

Sasa tazama ng'ambo ya korongo upande wa pili. Kule ndiko jeshi lilipokuwa.

Hatua ya 5: Shuka mtoni, utafute kisima

Fuata njia inayozunguka chini ya kuta. Mwinuko ni mkali kwa dakika chache, baadaye unatulia. Unapofika chini upande wa Brian, utakuta mabaki ya mahali palipokuwa na kisima, kinachoitwa kisima cha Saint-Rustique. Ni mawe machache tu, na watu wengi hukipita bila kujua, lakini hapa ndipo kijiji kiliposhindwa.

Mwaka 1209 Papa Innocent III alikuwa ameanzisha vita vya msalaba ndani ya Ufaransa yenyewe, dhidi ya Wakathari. Hawa walikuwa Wakristo, ila waliamini kwamba ulimwengu huu wa mwili si kazi ya Mungu mwema. Viongozi wao hawakula nyama wala kuapa kiapo chochote. Julai mwaka huo mji wa Béziers ulitekwa na wakazi wake wakachinjwa. Waliosalimika katika vijiji vya tambarare wakakimbilia ngome za milimani, na Minerve, iliyotawaliwa na Guilhem, ilikuwa mojawapo.

Simon de Montfort, kamanda wa jeshi la msalaba, alifika Juni 1210. Aliona korongo, akaona kwamba kupanda haiwezekani, akaamua kurusha mawe. Alisimamisha mitambo ya mbao ya kurushia mawe kuzunguka kijiji, na ule mkubwa kuliko yote ukaitwa Malvoisine, yaani Jirani Mbaya. Jina limekaa sawasawa: mtambo uko pale ng'ambo, unauona kila ukiamka, na kila siku unakurushia jiwe. Mfano wake wa mbao umejengwa siku hizi kwenye ukingo wa ng'ambo. Utafute kwa macho kutoka hapo kisimani, utaona jinsi shabaha ilivyokuwa nyepesi.

Kisima kilikuwa chini ya kuta, na watu waliteremkia kwa njia iliyofunikwa na kulindwa. Malvoisine ilipiga njia hiyo mpaka ikavunjika. Usiku mmoja watu wa ndani walitoka kwa siri na vikapu vya kuni kavu na mafuta, wakautia moto mtambo. Mwandishi wa upande wa jeshi la msalaba, mtawa Pierre wa Vaux-de-Cernay, anasimulia kwamba mmoja wa waendesha mtambo alikuwa ametoka kwenda haja, akawaona, akapiga kelele. Walimchoma mkuki, lakini kelele ilishasikika na moto ukazimwa. Jirani Mbaya akaendelea kurusha mawe.

Ukiwa hapo, Julai, na koo limekauka baada ya kutembea nusu saa tu, kunywa maji yako. Kisha tazama mto: mkavu. Ndivyo ulivyo wakati huo wa mwaka. Hata wangethubutu kushuka mtoni usiku, wangekuta kokoto.

Hatua ya 6: Mapango ambayo mto ulipitia

Sasa zunguka hadi upande wa Cesse. Zamani sana mto ulikuwa ukizunguka kwa kona kubwa. Maji yakapenya katika nyufa za mawe chokaa, yakazipanua polepole, mpaka mto ukatoboa mlima na kuiacha njia yake ya zamani. Matokeo yake ni mapango mawili yaliyo wazi pande zote mbili, ambayo wenyeji huyaita madaraja ya asili. Kubwa lina urefu wa zaidi ya mita 200, dogo zaidi ya mita 100.

Ingia katika lile kubwa mto ukiwa mkavu. Paa liko juu, upepo wa baridi unapita, na katikati mwanga unapungua kiasi cha kuhitaji tochi kwa ajili ya miguu. Tembea katikati, usikanyage mawe yenye utelezi wa kijani. Kuna vigogo na matawi makavu yaliyokwama kwenye nyufa za ukuta. Hayakuwekwa na mtu, ni maji yaliyoyafikisha hapo, nayo yakupe picha ya mafuriko yanavyopanda. Ukiona maji yanaanza kutiririka palipokuwa pakavu, au ukisikia ngurumo mbali, toka mara moja, kisha panda juu. Usisubiri kupiga picha.

Mwenye mama mzee, mtoto wa mgongoni au magoti mabovu aiache hatua hii na ile ya kisima. Daraja na mtaa mkuu vinamtosha, na kutoka ukingoni ataliona korongo vizuri. Kiti cha magurudumu kwa kweli kinapata tabu sana Minerve.

Hatua ya 7: Chakula cha mchana, kwa saa za Wafaransa

Migahawa hupika mchana kati ya saa sita na saa nane. Ukibisha saa nane na nusu, utapewa kahawa na tabasamu. Kama ni kiangazi au Jumapili, weka nafasi kwa simu siku moja kabla.

Chakula maarufu cha ukanda huu ni cassoulet, maharage meupe yaliyoivishwa polepole na nyama ya bata na soseji. Ni kitamu na kinashiba, lakini soseji yake kwa kawaida ni ya nguruwe, na mara nyingi kuna mafuta na ngozi ya nguruwe ndani ya sufuria yenyewe. Kutoa soseji pembeni hakusaidii. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza, au achukue samaki, au saladi yenye jibini la mbuzi. Mimi napendelea mkate wa Olonzac, jibini, nyanya na zeituni za kijani za aina ya Lucques, zilizopinda kama mwezi mchanga, tukala kivulini. Mnywaji wa divai atazikuta za Minervois kila mahali, na Muscat tamu ya kijiji jirani cha Saint-Jean-de-Minervois. Anayeendesha asionje. Zile kona bado zinamsubiri.

Hatua ya 8: Sasa panda kijijini

Ingia kwa lango dogo la kusini ukiweza, kupitia mabaki ya kuta mbili, badala ya kurudi darajani. Mtaa mkuu unaitwa rue des Martyrs, mtaa wa mashahidi. Ni mwembamba, wenye maduka machache. Upite polepole hadi kanisa dogo la Saint-Étienne. Ndani yake imo altare ya marumaru iliyowekwa na Rusticus, askofu wa Narbonne, mwaka 456. Kanisa mara nyingi hufungwa, kwa hiyo likikutwa wazi ni bahati yako.

Karibu na kanisa limesimama jiwe ghafi, refu kiasi, lililotobolewa umbo la njiwa. Alilichonga Jean-Luc Séverac. Hakuchonga njiwa juu ya jiwe, alimwondoa jiweni, na sasa njiwa ni tundu ambalo mwanga unapita. Maandishi ni mafupi: "Als Catars", kwa Wakathari, kwa lugha ya Kioksitani, lugha yao wenyewe.

Guilhem alisalimu amri Julai 1210. Masharti yalikuwa kwamba anayeikana imani ya Kikathari ataishi. Wakathari 140 hivi walikataa. Pierre wa Vaux-de-Cernay, ambaye hakuwapenda hata kidogo, ameandika kwamba haikuhitajika kuwasukuma motoni, waliingia wenyewe, na kwamba wanawake watatu tu ndio waliookolewa. Simama hapo kwa adabu. Nimeona watu wakipiga picha za mizaha na lile tundu la njiwa, nikaumia. Hapa ni kama makaburini.

Ukiwa na watoto, au ukitaka kisa chote kwa mpangilio, ingia makumbusho ya Hurepel, ambako matukio ya vita yameonyeshwa kwa vinyago vidogo vya udongo. Hayachukui muda mrefu. Hufunguliwa kwa msimu, uliza kwenye ofisi ya utalii. Makumbusho mengine, ya visukuku na mambo ya kale, ni ya mwenye hamu.

Malizia kaskazini, penye Candela. Ni kipande cha mnara kilichobaki cha ngome, chembamba na kirefu, na jina lake maana yake mshumaa. Usipite uzio, mawe hayako imara. Kutoka hapo unaona ile shingo ya ardhi iliyounganisha kijiji na nchi kavu, ndogo kiasi kwamba watu wachache waliweza kuilinda.

Hatua ya 9: Kurudi

Ondoka kama saa kumi alasiri. Usirudi kwa njia uliyojia. Shuka kupitia La Caunette, kijiji kingine cha kale kilichobanana chini ya genge kando ya Cesse hiyo hiyo, kisha uteremke tambarare. Safari yako ikiangukia Jumanne, geuza mpango mzima: anzia Olonzac asubuhi, maana hiyo ndiyo siku ya soko, upande Minerve baada ya kununua chakula cha mchana.

Kabla ya barabara kuu, simama Homps, kilomita chache kusini mwa Olonzac. Hapa unapita Canal du Midi, mfereji wa kilomita 240 kutoka Toulouse hadi karibu na bahari, uliochimbwa kati ya 1666 na 1681 chini ya Pierre-Paul Riquet. Usishangae ukikuta sehemu zisizo na kivuli: ugonjwa wa kuvu unaua miti yake mikubwa, na maelfu imekatwa tangu mwaka 2006. Kaa ukingoni, vua viatu vyenye vumbi la Cesse, umalizie maji yaliyobaki kwenye chupa. Hakikisha una saa nzima na robo ya kurudisha gari Narbonne kabla ofisi haijafungwa.